Sindano ya goti: Nafuu ya majuma, wala si tiba ya kudumu

KWA mkazi wa Makongeni, mtaa wa Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, miguu ni sehemu ya riziki. Humfikisha kwenye kituo cha matatu Jogoo Road, sokoni na katika Eneo la Viwanda. Goti linapokataa kukunjika, wengi huuliza kuhusu sindano.

Ositeoathraitisi ni aina ya baridi yabisi ambapo gegedu, yaani kifuniko laini cha ncha za mifupa, huchakaa. Umri, unene na majeraha ya zamani huongeza hatari. Mgonjwa akipunguza mwendo kwa sababu ya maumivu, misuli ya paja hudhoofika, na goti huzidi kulemewa.

Sindano inayotumika sana ni ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Daktari Joseph Hollander wa Marekani alieleza manufaa yake ndani ya viungo mwaka wa 1951. Aghalabu nafuu huanza baada ya siku chache na kudumu majuma kadhaa. Hata hivyo, dawa hiyo haioteshi gegedu upya.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2017, wagonjwa 140 walidungwa kila baada ya majuma 12 kwa miaka miwili. Waliopewa steroidi walipoteza gegedu zaidi kuliko waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti ya maana. Kwa kawaida madaktari huacha angalau miezi mitatu kati ya sindano moja na nyingine.

Mwaka wa 2020, utafiti mwingine wa wagonjwa 156 ulilinganisha sindano na mazoezi chini ya mtaalamu wa viungo. Mwaka mmoja baadaye, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu machache na walimudu shughuli zao vyema zaidi.

Sindano za asidi ya hayaluroniki nazo hazijathibitika kuleta nafuu kubwa. Aidha, sindano zinazotengenezwa kutokana na damu ya mgonjwa mwenyewe hazikushinda maji ya chumvi katika utafiti wa Australia wa mwaka wa 2021.

Mwenye kisukari sharti amjulishe daktari mapema, kwani steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Vilevile, anayesubiri upasuaji wa kubadilishiwa goti aseme. Goti likivimba, likiwa moto, na homa ikiingia baada ya sindano, mgonjwa akimbizwe hospitalini bila kuchelewa.

Kwa hivyo, thamani ya sindano imo katika majuma yale ya nafuu. Mgonjwa ayatumie kuimarisha paja: akae kitini na kunyoosha goti, kisha ajizoeze kuinuka bila kujisukuma kwa mikono. Bakora ishikwe kwa mkono ulio mkabala na goti bovu. Kupunguza uzito husaidia pia, kwani kila kilo moja inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua.