Programu huria kabla na baada ya umeme wa Tanga

Fundi wa kompyuta Gombani, jirani na uwanja wa mpira wa Chake Chake, Pemba, akishaua virusi hupachika VLC, programu ya kuchezea video, bila hata kuulizwa. Mteja anataka filamu icheze tu. Kwamba programu hiyo ilianzishwa na wanafunzi wa chuo cha École Centrale, Paris, mwaka 1996, na kwamba tangu 2001 ni ruksa kwa yeyote kuinakili, kuichungulia ndani na kuibadilisha, hilo halimshughulishi. Windows iliyokrakiwa nayo ni bure, lakini ile ni bure ya dhuluma.

Ruksa hiyo iliandikwa kwenye leseni. Mtengeneza programu Richard Stallman aliipigania Marekani tangu 1983. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta, mwaka 1991. Kwetu matunda yake makubwa yalionekana Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu, yote kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux, chuo kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi. Hawakumwomba mtu kibali, maana kampuni ya Sun Microsystems ilikwisha kuiachia huru OpenOffice, programu mama ya Jambo, tangu 2000. Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mwaka huohuo kwamba Windows itazungumza Kiswahili, ila chuo kikaitangulia.

Pemba ya wakati ule ilitegemea majenereta ya dizeli. Waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga ulifika 2010, na intaneti ilikuwa ya kuvizia. Hapo ndipo faida ya kunakili kwa halali ilipokuwa: CD moja ingetosha ofisi nzima. Watengenezaji wa Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa Linux, walikuwa wakituma CD bure duniani kote kwa posta, hadi 2011.

Mbona basi Jambo haikuenea? Silaumu tafsiri. Anayejifunza kompyuta hufuata menyu za ofisi anayotarajia kuajiriwa, na ofisi zetu zilikwisha kuzoea za Kiingereza. OpenOffice yenyewe ilipoingia mikononi mwa kampuni ya Oracle, wengi wa waliokuwa wakiitengeneza walijitoa Septemba 2010 wakaanzisha LibreOffice, inayofungua na faili za Word.

Uhuru huohuo wa kunakili haukuishia kwenye programu; mwaka 2016 ilikuwa zamu ya ramani za ardhi. Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) walianza kurusha droni kupiga picha Unguja na Pemba, na picha hizo zikawekwa wazi kwa wachora ramani wa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia.