Vioo vinavyozuia jua joto linapozidi

KWA mkazi wa ghorofa mtaani Donholm, Nairobi, dirisha linalotazama magharibi huwa neema jua linapojitokeza alasiri katika baridi ya Julai, na adha katika joto la Februari. Kioo cha kawaida hakitofautishi misimu hiyo.

Kioo kinachoweza kuitofautisha, bila umeme wala pazia, hupakwa utando wa dioksidi ya vanadi. Unene wake ni karibu sehemu moja kwa elfu ya unene wa unywele.

Mnamo 1959, F. J. Morin wa maabara za Bell nchini Marekani aliripoti kuwa oksidi za vanadi hubadilika ghafla zinapopashwa joto. Dioksidi hiyo hubadilika kwenye nyuzi 68 hivi za selsiasi. Chini ya kiwango hicho, utando hupitisha miale ya joto isiyoonekana, ambayo hubeba takriban nusu ya nishati ya jua. Ukishapita hapo huizuia, ilhali mwangaza huendelea kuingia.

Ili kuutengeneza, gesi ya agoni iliyotiwa chaji ya umeme huligonga bamba la vanadi ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Chembe zinazong'oka huungana na oksijeni kidogo, kisha hutua juu ya kioo kilichopashwa moto hadi nyuzi 400 na zaidi. Oksijeni isipokuwa ya kiasi, hutokea oksidi nyingine isiyofaa.

Hata hivyo, nyuzi 68 ni nyingi mno kwa dirisha la nyumba. Aidha, utando huo hupunguza mwangaza na kuutia rangi ya manjano na kahawia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelishughulikia suala hili kwa miaka mingi. R. T. Kivaisi na M. Samiji walichapisha utafiti wao mwaka 1999. Mnamo 2009, N. R. Mlyuka, pamoja na G. A. Niklasson na C. G. Granqvist wa Uppsala, Uswidi, walionyesha kuwa kuongeza magnesi hushusha kiwango hicho cha joto na kuzidisha mwangaza.

Kwa anayejenga sasa, kinga nafuu ingali kivuli. Nairobi ikiwa karibu na ikweta, madirisha yanayotazama kaskazini au kusini hukingwa kwa urahisi na kibaraza kifupi. Ya mashariki na magharibi hupigwa na jua lililoinama.