Kemikali za Bakteria wa Utumbo Zinavyodhibiti Kimelea cha Kuhara

Kriptosporidiamu ni kimelea chenye seli moja kinachoshambulia seli za utando wa utumbo na kusababisha kuhara. Utafiti uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, zikiwemo Kenya na Msumbiji, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikitaja miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wachanga. Ugonjwa huo hauna chanjo, na nitazoksanidi, dawa iliyoidhinishwa nchini Marekani kuutibu, haijaidhinishwa kwa watoto walio chini ya mwaka 1.

Utumbo una kinga nyingine itokanayo na bakteria wake. Bakteria hao wanapovunja mabaki ya chakula hutoa kemikali ziitwazo metaboliti, ambazo baadhi yake hubadili utendaji wa jeni. Butireti, itokanayo na nyuzinyuzi za chakula, huzuia vimeng'enya vinavyosaidia kuibana DNA, hivyo jeni zilizokuwa zimefungwa huweza kusomwa. Jamii ya indoli, itokanayo na triptofani iliyomo katika protini, ina kemikali zinazonasa kwenye kipokezi maalumu ndani ya seli. Kipokezi hicho huingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa metaboliti 85. Nane kati yake, zikiwemo indoli, zilizuia ukuaji wa kimelea hicho. Hata hivyo, ilibainika kuwa uzuiaji wa indoli hautegemei kipokezi kilichotajwa. Indoli hudhoofisha mitokondria za seli ya binadamu na kupunguza nishati yake, na pia hudhoofisha kiungo kama hicho ndani ya kimelea chenyewe. Panya waliopewa indoli walipata maambukizi hafifu zaidi.

Matokeo hayo bado si tiba kwa binadamu. Kwa sasa kinga inabaki kuwa usafi: kunawa mikono kwa sabuni, hasa baada ya kwenda chooni na kuhudumia ndama, na kuchemsha maji ya kunywa hadi yatokote kwa dakika 1, kwa kuwa klorini katika kiwango cha kawaida haikiui kimelea hiki. Mtoto anayehara apewe maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya mapema.