Moriyasu: Mkufunzi aliyeonja shubiri ya Doha

HAJIME Moriyasu, mkufunzi aliyepewa timu ya taifa ya Japani mwaka 2018, alizaliwa Agosti 23, 1968 mkoani Shizuoka na kulelewa Nagasaki.

Mwaka 1987 alijiunga na timu ya kampuni ya Mazda, ambayo baadaye iligeuka kuwa Sanfrecce Hiroshima. Kiungo huyo mkabaji aliichezea Japani mechi 35 na kutwaa Kombe la Asia mwaka 1992.

Oktoba 28, 1993, jijini Doha, alikuwa uwanjani Japani ikiongoza Iraq 2-1. Ushindi ungeifikisha nchi yake katika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Iraq ilisawazisha dakika za majeruhi, na ndoto ikazimika.

Aliangika daluga baada ya msimu wa 2003 akiwa Vegalta Sendai. Akiwa mkufunzi wa Sanfrecce, alinyakua ubingwa wa ligi miaka ya 2012, 2013 na 2015.

Katika Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, vijana wake walitoka nyuma na kuzilaza Ujerumani na Uhispania 2-1 kila moja, ingawa Costa Rica iliwachapa 1-0. Baada ya kuishinda Uhispania, alikiri kuwa dakika za mwisho zilimkumbusha mkasa wa 1993. Croatia iliwabandua kwa penalti katika raundi ya 16-bora.

Hata hivyo, hakutimuliwa. Machi 2025, Japani ilikuwa ya kwanza, ukiondoa wenyeji, kufuzu kwa fainali za 2026.