Neno la Mungu katika Nchi ya Shaba

Katika somo hili twataka kuangalia jambo moja: namna Neno la Mungu lilivyohubiriwa kwa watu wa machimbo ya Kolwezi, na namna lipasavyo kuhubiriwa huko hata leo. Maana wengi wetu tumesikia mahubiri mema, tukatoka kanisani, na kufika mlangoni pa nyumba yetu tusiweze kusema yanatuhusu kwa jambo gani.

Mutoshi, jirani ya Kolwezi, zamani paliitwa Ruwe. Machimbo yake yalianza kufanyiwa kazi mwanzoni mwa karne ya 20, mji wenyewe wa Kolwezi ungali haujajengwa. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi katika nchi yote ya shaba, na tangu miaka ya 1920 iliwataka watu wakae pamoja na wake zao. Basi mtu alipewa nyumba, posho, dawa, na shule kwa watoto wake. Lakini ukoo wake ulibaki mbali. Jirani yake alikuwa mgeni kama yeye, na Kiswahili kikawa lugha ya kukutania.

Watu wa namna hiyo walihitaji neno gani? Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwenyewe aliungama baadaye kwamba hapo kwanza alifundisha kama bwana atoaye amri: yeye kusema, watu kusikia. Mafundisho yaliingia masikioni, wala hayakugusa moyo. Ndipo akaanza kuuliza badala ya kuamuru. Mwaka 1945 kilitoka kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kikajulikana hata Ulaya. Lakini tunda kubwa zaidi lilionekana katika kambi za Kolwezi, ambako mnamo mwaka 1953 ilizaliwa Jamaa.

Tuangalie vema alivyofanya. Aliwauliza watu: Mnatamani nini kupita yote? Mambo matatu yakadhihirika: uzima, uzazi, na mapendo. Naye padri akaona kwamba hayo ndiyo aliyoyatamani yeye pia, na ndiyo Injili inayoyaleta. Tangu hapo hakuhubiri tena kama mtu ajazaye chombo kitupu. Mume na mke walijifunza pamoja, wakazungumza juu ya maisha yao wenyewe, wakaitana baba na mama. Mtu aliyeacha ukoo wake mbali akapata jamaa katika Kristo. Mafundisho hayakubaki mimbarani. Yaliingia nyumbani, mahali ambapo mume huweza kumdharau mkewe au kumheshimu.

Je, njia hiyo ilikuwa ngeni? Hasha. Bwana wetu alisema na wavuvi habari za nyavu, na wakulima habari za mbegu, na akina mama habari za chachu. Alijua kibarua angojaye sokoni mpaka jioni bila kuajiriwa, akamtia katika mfano wake. Na katika kitabu cha Ayubu, sura ya 28, twaona wachimbaji wenyewe, wanaoning'inia shimoni mbali na watu, wakitafuta madini gizani. Kisha mwandishi auliza hekima yapatikana wapi, kwa kuwa haimo katika mashimo hayo. Mtu wa Mutoshi akisikia sura hiyo, hahitaji kuelezwa giza la shimo ni nini. Lililo la lazima ni mhubiri kumwuliza swali lile lile: Wewe uchimbaye hivi, hekima waitafuta wapi?

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Padri Tempels aliondoka Kongo mwaka 1962, akafa Ubelgiji mwaka 1977. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga waligombana na vikundi vya Jamaa, na baadhi ya watu wakatengana na Kanisa. Hapa pana onyo kwa pande zote mbili. Mafundisho yatokayo katika maisha yetu tu, yasiyopimwa kwa Maandiko, mwishowe hutufundisha sisi wenyewe. Na mchungaji asiyesikiliza maisha ya watu, siku moja atakuta wamekwenda kusikilizwa mahali pengine.

Siku zetu, kambi ya zamani si ile tena. Union Minière ilinyang'anywa machimbo na serikali, na tangu mwaka 1967 yakawa mali ya Gécamines. Kampuni hiyo nayo ilipodhoofika, maelfu ya watu walianza kuchimba kwa mikono, bila posho wala nyumba, wakitafuta shaba na kobalti. Kobalti hiyo huingia katika betri za simu na za magari ya umeme ulimwenguni kote. Huko Mutoshi, mwaka 2018 ulianza mpango wa kuwawekea wachimbaji wa mikono uzio, vifaa vya kujikinga na utaratibu wa kazi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ukasimama.

Basi mhubiri anayesimama mbele ya watu hao aseme nini juu ya hazina iliyofichwa shambani? Akisema mbingu tu, atakuwa ameruka shimo. Akisema bei ya kobalti tu, atakuwa ameacha Injili. Na aulize mizani ya mnunuzi ni ya haki au sivyo; mtoto yuko shuleni au shimoni; fedha ya Jumamosi imefika kwa mama wa nyumba au imepotea njiani. Kisha aonyeshe Hazina ambayo kwa ajili yake mtu huuza vyote kwa furaha.

Maswali ya kujipima:
1. Kabla ya kuhubiri, nimewasikiliza nani juma hili?
2. Neno la leo lagusa jambo gani katika kazi yangu na katika nyumba yangu?
3. Je, nimeacha Maandiko yanihukumu mimi kwanza, kabla ya kuwahukumu wengine?