Fumbo la kivinjari: jina na maana yake

Abiria wa boti ya Dar es Salaam kwenda Unguja, simu mkononi na safari bado mbichi, mara nyingi utamkuta anasogeza vijimraba vya namba au anajaribu herufi moja baada ya nyingine. Ukimuuliza anafanya nini, atajibu kuwa anacheza gemu. Hajakosea, ila neno hilo limebeba mengi mno: mbio za magari ni gemu, vita vya risasi ni gemu, na mpira wa kwenye runinga nao ni gemu. Kilichomwinamisha yeye kina jina lake katika Kiswahili, nalo ni mchezo wa fumbo wa kivinjari.

Kivinjari ndilo neno jipya zaidi. Ni programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kama Chrome, Firefox au Safari. Ya kwanza iliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 alipokuwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Waingereza walichukua jina lake malishoni, kwenye kitenzi cha mnyama anayekula majani na machipukizi hapa na pale. Waswahili walilichukua baharini. Kuvinjari ni kuzunguka huku na huko ukiangalia, kama manowari inavyovinjari pwani, na ndivyo afanyavyo mtu anapotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine. Mchezo wa kivinjari, basi, huchezwa humohumo ndani ya ukurasa: haupakuliwi wala hausakinishwi. Zamani mingi ilitegemea Flash, ambayo kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Leo inaendeshwa na teknolojia zilizomo ndani ya vivinjari vyenyewe.

Fumbo ni neno kongwe, na utajiri uko hapo.

Limetokana na kufumba. Mtu hufumba macho, hufumba mdomo, hufumba mkono ili kilichomo kisionekane. Sarufi ya Kiswahili ina kauli ya kutendua, ile inayogeuza funga kuwa fungua na ziba kuwa zibua. Kwa mkondo huohuo, fumba huwa fumbua. Kwa hiyo fumbo limebeba ufunguzi wake tangu kwenye mzizi: kilichofumbwa kinaweza kufumbuliwa. Kitendawili nacho hutegwa, kisha hutenguliwa au huteguliwa. Methali inasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na kitenzi chake cha mwisho kinabeba mlio uleule wa kutendua.

Etimolojia hii inampa msomaji kipimo cha kuchagulia michezo. Fumbo la kweli lina mfumbaji aliyeficha jibu, na ndani yake mna kila kinachohitajika ili kulifikia. Bao la kete si fumbo, pamoja na akili yote inayodaiwa na mashimo yake 32 na kete zake 64, kwa sababu mbele yako yuko mpinzani anayebadilisha mambo kila zamu. Chemshabongo nayo, kama tunavyoisikia redioni, ni maswali ya maarifa: mji mkuu wa Malawi ni upi? Jibu liko nje ya swali, na asiyejua hawezi kulipata kwa kufikiri. Magazeti mengine hulitumia neno chemshabongo kwa maswali hayo na kwa fumbo pia, na hapo tofauti nzuri inapotea.

Sudoku inatimiza kipimo hicho. Namba chache zilizokwisha kuandikwa zinatosha kuleta jibu moja tu, na mwaka 2012 watafiti wa University College Dublin wakiongozwa na Gary McGuire walithibitisha kwa kompyuta kwamba haziwezi kupungua 17. Mchezo wa kutegua mabomu ulioenea na Windows miaka ya 1990 haukutimiza kipimo hicho kila mara. Mchezaji angeweza kufika mahali ambapo vijimraba viwili vimelingana kwa kila dalili, akabaki kupiga ramli. Hiyo ni bahati nasibu.

Ndiyo maana mkusanyiko wa Simon Tatham, mwanaprogramu wa Uingereza aliyeandika pia programu ya PuTTY, unastahili kutajwa kwanza. Una mafumbo yapatayo 40, yote yanafunguka katika kivinjari, bila matangazo na bila kujisajili. Mchezo wake wa mabomu, uitwao Mines, hutengenezwa kwa namna ambayo kila uwanja unateguka kwa kufikiri pekee. Sura yake ni ya kawaida kabisa. Ubora wake uko kwenye uadilifu huo.

2048 ni jambo jingine. Kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, aliutoa Machi 2014 akiwa na umri wa miaka 19, na akaacha msimbo wake wazi kwa yeyote. Unaunganisha 2 na 2 kupata 4, 4 na 4 kupata 8, hadi 2048. Lakini kila hatua kijimraba kipya huzuka mahali pasipotabirika. Ni mchezo mwepesi, mzuri wa kupitishia muda, ila ukipimwa kwa mizani ya fumbo unapungukiwa.

Wordle uko katikati ya Mines na 2048. Josh Wardle aliufikisha kwa umma Oktoba 2021, na gazeti la The New York Times likaununua Januari 2022. Neno lililofichwa lina herufi tano, na majaribio ya kulikisia ni sita. Tuseme jibu ni FUMBO na mchezaji ameandika BONGO. B itakuwa ya manjano: imo, lakini si mahali pake. O ya mwisho itakuwa ya kijani, kwa kuwa iko mahali pake. O iliyotangulia itabaki ya kijivu, kwa kuwa jibu lina O moja tu, pamoja na N na G, ambazo hazimo. Katika Kiswahili fumbo la aina hii hubadilika tabia. Karibu maneno yote huishia kwa irabu, hivyo kisanduku cha tano kwa kawaida kina uwezekano wa herufi tano tu, na C haitembei bila H. Anayedhani hilo linarahisisha kazi ajaribu -MBO: jambo, jimbo, wimbo, tumbo, kombo, tambo. Majaribio sita yamekwisha, na fumbo lenyewe bado.

Limebaki neno linaloambatana na michezo hii, bure, ambalo katika Kiswahili lina sura mbili: bila malipo, na bila faida. Mchezo unaojaza kioo matangazo ya video hula bando la mtu hata kama mlangoni haukudai senti. Mines ni mwepesi, na ukishafunguka hauna haja ya kuvuta data zaidi.

Wahariri wa magazeti na waandaaji wa tovuti za Kiswahili wana kazi ndogo ya kufanya: waandike chemshabongo juu ya maswali ya maarifa, na fumbo juu ya kile kinachofumbuliwa.