Mimea inayofichua udongo wa chumvi na magadi

ANAYETAFUTA shamba katika sehemu kavu za Bonde la Ufa aghalabu huulizia bei, barabara na maji. Ni wachache wanaotazama mimea iliyojiotea pale, ilhali hiyo inaweza kumwepusha mtu na ardhi ambayo maharagwe hayatastawi.

Kandokando ya Ziwa Magadi na Ziwa Bogoria, na katika bonde la Amboseli, maji huingia lakini hayana mto wa kuyatoa. Jua huyakausha, chumvi na magadi yakabaki. Mimea mingi hapo hunyauka hata penye unyevu, kwa kuwa chumvi huizuia mizizi kufyonza maji.

Miongoni mwa michache iliyozoea ni kichaka ambacho wataalamu hukiita Suaeda monoica. Majani yake ni membamba, yamejaa maji, na chumvi huhifadhiwa humo humo. Mwenzake ni nyasi ya Sporobolus spicatus, yenye majani ya ncha kali, ambayo hutambaa juu ya udongo mweupe ulioshinda nyasi nyingine. Panapotawala mimea hii miwili, mnunuzi na asite. Mswaki nao huvumilia chumvi, lakini si shahidi wa kutegemewa, kwani humea pia kwenye udongo mzuri.

Mmea unaokufa hutoa ushahidi vilevile. Huko Amboseli, migunga yenye gamba la manjano ilikauka kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960. Mnamo 1973, watafiti David Western na C. van Praet walieleza kwamba maji ya ardhini yalikuwa yamepanda na kuifikishia mizizi chumvi. Ndovu, waliolaumiwa awali, walichangia tu. Mkulima anayenyunyizia maji bila mifereji ya kuyaondoa anaweza kujiletea balaa iyo hiyo.

Hata hivyo, mimea hii huonyesha chumvi kwa uhakika zaidi kuliko magadi, na tiba zake ni mbalimbali. Chumvi ya kawaida huoshwa kwa maji mengi matamu, mradi yapate pa kutokea. Udongo wenye sodiamu nyingi, ambao kwa kawaida pH yake hupita 8.5, hujifunga na maji yakatuama juu. Huo huhitaji jasi kwanza, ili kalisiamu iiondoe sodiamu.

Tumbukiza donge kavu la udongo katika gilasi ya maji ya mvua, usikoroge. Likizungukwa na wingu la tope baada ya saa chache, shuku sodiamu. Maji yakibaki safi, usifurahi mapema: chumvi nyingi huweza kuficha dalili hiyo. Jibu kamili hutoka maabara, kama ile ya KALRO iliyoko Kabete, Nairobi. Unapochukua udongo wa kupimwa, ule wa penye vichaka hivyo uutie mfuko wake, usiuchanganye na wa sehemu nyingine za shamba.